Vitabu vya Mtazamo wa Pesa: Aina Nne Sako kwa Bako

Nina nakala ya kitabu kimoja cha mafanikio niliyoipigia mistari kwa penseli. Sura ya kwanza ina mistari karibu kila aya. Ya pili vivyo hivyo, na pembeni nimeandika "KWELI KABISA" kwa herufi kubwa. Kufika sura ya tano mstari umebaki mmoja. Sura ya saba, ile inayomtaka msomaji aandike madeni yake yote kwenye karatasi moja, haina hata nukta. Kurasa zake bado zimeshikana kwa upya.

Penseli ile hunisuta kila nikiiona. Nilipiga mstari kila mahali kitabu kiliponisifu au kunitia moto, nikapita kimya kila kiliponipa kazi. Ndiyo maana sina haja ya kukwambia kitabu fulani ni kizuri na kingine kibovu. Vitabu vya kubadili mtazamo kuhusu pesa havifanani, na kabla havijagusa mfuko wako hugusa kwanza maelezo unayojipa: kwa nini mfuko umekaa ulivyokaa. Maelezo hayo yakibadilika, na matendo hubadilika, kwa heri au kwa shari. Anayesimama mbele ya rafu na vitabu viwili mkononi afadhali ajiulize anaumwa nini kabla ya kuuliza dawa ipi inasifiwa.

Nimevigawa makundi manne. Vipo vinavyosema fikra huvuta pesa. Vipo vya nidhamu na akiba. Vipo vinavyohimiza kutafuta mali inayozalisha badala ya kutegemea mshahara. Na vipo vilivyoandikwa na wanasaikolojia au kwa kufuata tafiti zao. Vingi huchanganya mawili matatu, lakini kila kitabu kina kundi ambalo ndilo kwao.

## Vipimo nilivyotumia

Cha kwanza ni mzigo. Kitabu kinamtwika nani lawama ya ufukara na sifa ya utajiri? Fikra zako, tabia zako, shule na ajira, au mazingira uliyozaliwa ndani yake? Jibu la swali hili ndilo utakalobaki nalo ukishasahau mengine yote yaliyoandikwa mle.

Cha pili ni kazi, na hapa nina jaribio langu dogo. Fungua kurasa kumi zozote za katikati, usianzie mwanzoni, utafute vitenzi unavyoweza kuvitekeleza kabla ya kesho jioni, bila ruhusa ya mtu na bila pesa usiyonayo. Amini, tamani, jione, jiweke tayari: hivyo havihesabiwi. Andika, tenga, piga simu, taja bei, uza: hivyo vinahesabiwa. Kurasa kumi zikipita bila kitenzi hata kimoja cha namna hiyo, ulichopewa ni hamasa, nayo hupoa haraka.

Cha tatu ni ushahidi. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Sawa, lakini na vilivyozama navyo viliundwa, vingine na mafundi walewale. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mwanatakwimu Abraham Wald alichunguza uharibifu kwenye ndege za kivita zilizorudi zikiwa na matundu ya risasi. Ushauri wake ulikuwa kuimarisha sehemu zisizo na matundu, kwa sababu ndege zilizopigwa hapo hazikurudi zikahesabiwa. Kitabu kinachokusanya desturi za matajiri hamsini kinahesabu matundu ya ndege zilizorudi. Waliamka mapema, walithubutu, walikopa bila woga. Je, waliofilisika walikuwa wamelala?

Cha nne ni pale kitabu kinapouma, yaani madhara yake kikisomwa na mtu asiyekihitaji. Kutokana na hivyo vinne ndipo unapojua kinamfaa nani.

## Kundi la kwanza: fikra huvuta pesa

Mizizi yake iko Marekani ya mwishoni mwa karne ya 19, kwenye vuguvugu lililoamini kwamba akili huponya mwili, na baadaye kwamba huponya na mfuko. Wallace Wattles alitoa kitabu chake cha kupata utajiri mwaka 1910. Napoleon Hill akafuata mwaka 1937, uchumi wa Marekani ukiwa bado haujapona mdororo mkuu. Rhonda Byrne akaja mwaka 2006 na filamu pamoja na kitabu, akisema kilichomwasha ni kile cha Wattles. Miaka karibu mia, na wazo ni lilelile: kinachokaa kichwani mwako ndicho kitakachobisha mlangoni kwako.

Mzigo. Wote uko kichwani mwako. Usiharakishe kucheka. Kuna watu waliokua wakisikia kwamba pesa huharibu utu, kwamba kila tajiri ana alichoiba, kwamba mtu mwema hazungumzii malipo. Mtu wa hivyo akimaliza kazi akaulizwa "nikupe ngapi?" hujibu "chochote utakachoona", kisha hurudi nyumbani amenuna. Kitabu cha kundi hili kikimwambia kwamba kutaka pesa si aibu, kimemfungua kamba ambayo hakuna somo la hesabu lingeifungua. Mwanasaikolojia Julian Rotter aliandika mwaka 1966 kuhusu tofauti kati ya mtu anayeamini mambo yake yanategemea matendo yake na yule anayeamini yanategemea bahati au wakubwa. Vitabu hivi humvuta msomaji upande wa kwanza. Tatizo ni kwamba havijui pa kusimama. Kutoka "juhudi zangu zina maana" humfikisha mtu kwenye "kila kilichonipata nilikiita mwenyewe".

Kazi. Vitenzi vyake vingi haviingii kwenye hesabu yangu. Rafiki yangu mmoja alibandika kwenye kioo karatasi yenye kiasi cha pesa alichotaka kupata ndani ya mwaka. Kila asubuhi alipiga mswaki akiitazama. Kufika mwezi wa nne mvuke ulikuwa umelegeza gundi, karatasi ikaanza kujikunja pembeni, akaibandika upya. Nilipomuuliza wiki ile aliwapigia simu wateja wangapi, alicheka tu. Nampenda, na sikuuliza tena.

Ushahidi. Hapa ndipo kundi hili linapoteleza vibaya kuliko mengine. Mwaka 2002 Gabriele Oettingen na Doris Mayer walichapisha tafiti, mojawapo ikiwafuatilia wahitimu wa chuo waliokuwa wakitafuta kazi. Waliokadiria kwamba wana uwezekano mkubwa wa kufanikiwa walifanya vizuri. Waliokuwa wakijichorea mara kwa mara picha tamu za mafanikio walituma maombi machache, wakapata nafasi chache, na miaka miwili baadaye mishahara yao ilikuwa midogo zaidi. Matarajio na ndoto za mchana, kumbe, ni vitu viwili. Matarajio mema hujengwa juu ya yale uliyokwisha kuyaweza. Ndoto tamu hukulipa kabla ya kazi, na aliyekwisha kulipwa haoni sababu ya kuharakisha.

Lucas Dixon na wenzake wa Australia nao waliwahoji watu zaidi ya 1,000 katika tafiti zilizochapishwa mwaka 2023. Walioamini zaidi kwamba mtu huvuta mafanikio kwa fikra walijiona wamefanikiwa zaidi na walikuwa na malengo makubwa zaidi. Walielekea pia kuvutwa na uwekezaji wa hatari, kuwa wamewahi kufilisika, na kudhani watafikia mafanikio makubwa mno ndani ya muda mfupi. Utafiti wa aina hii hausemi kwamba imani ndiyo iliyowafilisi. Huenda aliyefilisika ndiye anayekimbilia imani. Lakini kama uko karibu kutia akiba yako yote mahali kwa sababu "umehisi", nambari hizo ni zako.

Na ushuhuda wa waandishi wenyewe? Hill alisimulia kwamba tajiri Andrew Carnegie ndiye aliyemtuma awahoji matajiri wa zama zile. Nje ya maneno ya Hill mwenyewe, uthibitisho wa mkutano huo haujapatikana.

Kinapouma. Mambo yakikwama. Ukiugua, ukipunguzwa kazini, bei ya unachouza ikianguka, kitabu hakina la kukwambia ila kwamba hukuamini vya kutosha. Unabeba hasara, na juu yake unabeba hatia. Hapo ndipo huja kitabu cha pili cha mwandishi yuleyule, kisha semina.

Kinamfaa nani. Aliyekata tamaa kabisa, na yule anayeona haya kutaja bei ya kazi yake. Akisome mara moja, apate joto, ashuke.

## Kundi la pili: nidhamu na akiba

Hili ndilo kongwe. Samuel Smiles alichapisha London mwaka 1859 kitabu cha kuwahimiza watu wa kawaida wajiinue kwa bidii na uwekevu. Alikiita Self-Help, na jina hilo likaja kubandikwa kwenye aina nzima ya vitabu. Mwaka 1926 George Clason wa Marekani alitumia hadithi za Babeli ya kale kufundisha kwamba sehemu ya kumi ya unachopata ni yako, usimpe mtu. Hadithi zile zilianza kama vijitabu vilivyogawiwa na mabenki na kampuni za bima. Hilo haliyafanyi mafundisho kuwa uongo, ila si vibaya kukumbuka kwamba waliokuwa wakihimiza akiba walikuwa na mahali pa kuiweka.

Mzigo. Uko kwenye tabia. Pesa huonekana kama maji kwenye mtungi unaovuja, na kazi ya msomaji ni kuziba nyufa kabla ya kwenda tena kisimani. Ni mtazamo wa heshima, na kwa wengi ndio unaohitajika. Ila unamwonea asiye na cha kubana. Mwaka 2013 Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao walichapisha utafiti ambao sehemu yake iliwapima wakulima wa miwa nchini India. Mkulima yuleyule alifanya vibaya zaidi kwenye mazoezi ya kufikiri kabla ya mavuno, mfuko ukiwa mtupu, kuliko baada ya mavuno. Yaani uhaba wenyewe hula nafasi kichwani. Kumwita mtu huyo mzembe ni kuchanganya moshi na moto.

Kazi. Tele. Kwa jaribio langu la kurasa kumi hakuna kundi linaloshinda hili: tenga kabla ya kutumia, andika matumizi ya wiki, lipa deni dogo kwanza au lenye riba kubwa kwanza, usimdhamini mtu usiyeweza kumlipia.

Ushahidi. Kwamba kuanza mapema husaidia ni hesabu tupu. Gawa 72 kwa asilimia ya faida ya mwaka, utapata takriban miaka ambayo pesa huchukua kujizidisha mara mbili. Kwa faida ya asilimia 6 ni miaka 12. Bei za vitu nazo zikipanda kwa asilimia 6, basi umekimbia miaka 12 ukiwa umesimama palepale, na vitabu vya kundi hili ni vichache vinavyokwambia hivyo kwa sauti.

Kwamba nidhamu inaweza kufundishwa kwa maneno, hapo sina hakika kama wao walivyo. Mfano ninaoupenda ni mpango wa Richard Thaler na Shlomo Benartzi, walioueleza mwaka 2004. Wafanyakazi waliombwa wakubali leo kwamba kila mshahara ukipanda, sehemu ya nyongeza itaenda akibani moja kwa moja. Katika kampuni ya kwanza kuujaribu, kiwango cha akiba cha waliojiunga kilipanda kutoka asilimia 3.5 hadi 13.6 ndani ya miezi 40. Hakuna aliyehutubiwa kuhusu uwekevu. Utaratibu ulibadilishwa, tabia ikafuata.

Kinapouma. Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba ni kipimo kidogo. Nimeona watu wakitumia jioni nzima kutafuta pa kupunguza matumizi yaliyokwisha kupunguzwa, ilhali saa hizo mbili zingetosha kutafuta mteja. Kitabu cha akiba kikimwingia mtu mwoga humfanya mwoga zaidi. Ataishia na akiba nadhifu na kipato kilekile cha miaka kumi iliyopita.

Kinamfaa nani. Mwenye kipato kinachoingia na kutoweka bila kumbukumbu. Anayefika katikati ya mwezi akijiuliza zilienda wapi.

## Kundi la tatu: mali inayozalisha

Robert Kiyosaki ndiye aliyelipa kundi hili sura yake ya sasa, kwa kitabu chake cha mwaka 1997. Fasili yake ni fupi na ndiyo siri ya umaarufu wake: mali ni kinachokutilia pesa mfukoni, dhima ni kinachokutolea. Kwa fasili hiyo, nyumba unayoishi si mali. Wahasibu hawakubaliani nayo, kwa kuwa kwenye vitabu vyao nyumba ni mali hata kama haiingizi chochote. Wako sahihi kwa kazi yao. Lakini ukitaka kujua kwa nini mtu mwenye vitu vingi hukosa pesa za dharura, fasili ya mtaani inajibu haraka kuliko ya kitabuni.

Mzigo. Uko kwa shule na ajira. Ulifundishwa kufaulu mitihani ili uajiriwe, na hakuna aliyekufundisha pesa. Maelezo haya hupunguza hatia, na yana ukweli mwingi. Athari yake kwenye mtazamo, hata hivyo, ina pande mbili. Upande mmoja msomaji huanza kuuliza kila kitu anachonunua kitamrudishia nini. Upande wa pili huanza kumdharau mwajiriwa, pamoja na mwajiriwa aliye ndani yake mwenyewe, ambaye ndiye anayelipa bili. Nimekutana na waliosoma kundi hili wakaanza kuuona mshahara kama fedheha kabla hawajawa na kitu kingine cha kuziba pengo lake.

Kazi. Zoezi la safu mbili ni moja ya mazoezi bora niliyowahi kukutana nayo katika vitabu hivi vyote. Chora mstari katikati ya ukurasa wa daftari. Kushoto andika kila kitu ulicho nacho kilichokuingizia pesa mwezi uliopita. Kulia andika kila kilichokutolea. Siku nilipolifanya, kushoto palikuwa na mstari mmoja. Kulia pakajaa, kalamu ikahamia nyuma ya ukurasa. Kamera niliyoinunua "kwa ajili ya biashara" ilikaa kulia, pamoja na betri zake mbili, begi lake na lenzi ambayo sikuwahi hata kuifungua kifuniko. Niliikodisha wiki iliyofuata. Mapato yake ni madogo, lakini imevuka mstari.

Baada ya zoezi hilo, vitenzi hupungua ghafla. "Nunua mali inayozalisha" ni sentensi fupi, na kati yake na wewe kuna mtaji, sheria za ardhi, kodi, wapangaji wasiolipa, na hisa unazopaswa kuzielewa kabla ya kuzinunua. Vitabu vingi vya kundi hili hupita hapo kama gari lipitalo kijijini bila kupunguza mwendo.

Ushahidi. Ni simulizi za walioelea. Hesabu ya mkopo, hata hivyo, haihitaji utafiti. Chukua 20 zako, kopa 80, nunua kitu cha 100. Kikipanda thamani kwa asilimia 20, pesa yako imejizidisha mara mbili, kabla ya riba. Kikishuka kwa asilimia 20, zile 20 zako zimekwisha zote, na deni la 80 liko palepale likikusubiri. Kitabu kinachokuonyesha mstari wa kwanza bila wa pili kimekuonyesha nusu ya shilingi.

Kinapouma. Pale hamasa inapomkuta mtu asiye na akiba ya dharura ikamwambia mkopo ni chombo cha matajiri. Ni chombo kweli, kama panga lilivyo chombo. Ongeza hapo wale wanaouza kozi za ghali kwa lugha iliyotoka vitabuni humo: unanunua elimu ya kipato kisicho na jasho kutoka kwa mtu ambaye kipato chake ni jasho la kukuuzia elimu hiyo.

Kinamfaa nani. Mwenye kipato cha kutosha na ziada kidogo, ambaye ziada hiyo hugeuka vitu. Mwajiriwa mwenye miezi kadhaa ya akiba na jioni zilizo tupu.

## Kundi la nne: saikolojia na tafiti

Carol Dweck, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, alitoa mwaka 2006 kitabu kilicholifanya neno "mtazamo" kuwa la kila mtu. Hoja yake: anayeamini uwezo hukua kwa kujifunza huvumilia makosa kuliko anayeamini amezaliwa hivyo alivyo. Zingatia kwamba tafiti zake nyingi zilihusu wanafunzi na kujifunza. Waliozipeleka kwenye pesa ni wengine.

Mzigo. Umegawanywa. Sehemu ni imani zako, sehemu ni mazingira, na waandishi wazuri hukwambia hawajui mpaka uko wapi. Kwa pesa hasa, Brad Klontz na wenzake walieleza mwaka 2011 mifumo minne ya imani: kuikwepa pesa, kuiabudu, kuipimia hadhi, na kuwa macho nayo. Mitatu kati ya minne ilionekana kuhusiana na kipato na mali ya mtu. Nilipoisoma nilijikuta kwenye wa kwanza, na ile sura ya saba isiyo na penseli ikaeleweka.

Kazi. Hutofautiana mno. Baadhi ya vitabu hivi ni maelezo matupu ya majaribio. Vilivyo bora hukupa vifaa viwili vyepesi. Kimoja ni cha Oettingen: ukishajichorea unachotaka, mara moja jiulize kizuizi kikuu ndani yako ni kipi. Kingine ni cha Peter Gollwitzer, aliyekieleza mwaka 1999: tunga sentensi ya "ikitokea hivi, nitafanya hivi". Kwa mfano, mteja akisema "punguza kidogo", nitanyamaza kwanza, kisha nitauliza ni sehemu gani ya kazi tuiondoe. Sentensi ile moja imeniingizia zaidi ya kurasa nyingi za kujitamkia kwamba mimi ni mshindi.

Ushahidi. Ni bora kuliko wa makundi mengine, na ndiyo maana ahadi zake ni ndogo. David Yeager na wenzake, Dweck akiwemo, walichapisha mwaka 2019 utafiti wa wanafunzi wa sekondari wapatao 12,000 nchini Marekani. Somo fupi la mtazamo wa kukua, lisilofika saa moja, liliinua wastani wa alama za wanafunzi waliokuwa nyuma kwa takriban pointi 0.1 kwenye kipimo cha pointi 4. Ni kidogo, lakini kipo.

Utafiti wa pesa wenye uzito zaidi ninaoujua ulifanyika Lomé, Togo, ukachapishwa mwaka 2017. Wafanyabiashara wadogo 1,500 waligawanywa makundi matatu kwa kura. Wa kwanza walipewa mafunzo ya kawaida ya biashara: hesabu, masoko, fedha. Wa pili walipewa mafunzo yaliyobuniwa kutoka saikolojia, ya kuanzisha mambo bila kusukumwa, kuangalia mbele na kutokata tamaa. Wa tatu hawakupewa kitu. Ndani ya takriban miaka miwili faida za waliofundishwa mtazamo zilikuwa juu kwa asilimia 30 kuliko za wasiofundishwa. Za waliosoma biashara ya kawaida zilipanda kwa asilimia 11, kiwango ambacho watafiti hawakuweza kukitofautisha na bahati. Wapenzi wa hamasa hupenda kuunukuu. Wasichokinukuu ni kwamba hayo yalikuwa mafunzo ya darasani yenye mazoezi, kisha mkufunzi akaenda kumtembelea kila mmoja kwenye biashara yake. Kitabu hakitembelei mtu.

Kinapouma. Mtu anaweza kujichunguza miaka mitano bila kupata mteja mmoja. Tena majina yale ya mifumo hugeuka kisingizio kitamu: "mimi ndivyo nilivyo, naikwepa pesa."

Kinamfaa nani. Anayejua la kufanya na halifanyi. Pia aliyewahi kuumizwa na kundi la kwanza.

## Vikigongana

Usisome la pili na la tatu mwezi mmoja. Moja litakwambia deni ni sumu, jingine litakwambia ni ngazi, na utaishia kutolipa wala kukopa. La kwanza na la nne yanatumia maneno yanayofanana (imani, fikra, mtazamo) lakini maana si moja. Ukiona kitabu kinataja ubongo kila ukurasa bila kutaja utafiti hata mmoja, kirudishe kwenye kundi la kwanza hata kama jalada lina picha ya maabara.

## Kulingana na hali yako

Kama una deni linalokunyima usingizi, anza na kundi la pili, uruke sura za uwekezaji. La tatu lisubiri mpaka riba iache kukukimbiza.

Kama unafanya kazi nzuri na unalipwa chini ya thamani yake kwa sababu hukutaja bei, soma kitabu kimoja kifupi cha kundi la kwanza kisha uhamie la nne siku hiyohiyo, utunge sentensi yako ya "ikitokea".

Kama kipato chenyewe ni kidogo mno, hakuna kundi kati ya haya litakalokutosha. Ujuzi unaolipwa zaidi, soko jingine au mwajiri mwingine vitakufikisha mbali kuliko mtazamo wowote, na kitabu cha ufundi wako ni ununuzi bora. Ukitaka cha kukushika moyo njiani, la nne lina adabu zaidi: halitakulaumu.

Kama mshahara unatosha ila haubaki, safu mbili za kundi la tatu kwanza, kisha utaratibu wa kukata akiba yenyewe bila kukuuliza.

Kama unataka kuacha kazi baada ya kumaliza kitabu, subiri siku 30. Kitabu bado kitakuwepo, na kama bado unataka, utakuwa umepata mwezi wa kutafuta mteja wa kwanza.

Na kama umeshasoma vitano na unatafuta cha sita, vitoe vile vitano, uangalie penseli yako iliishia wapi. Mimi nilirudi kwenye sura ya saba. Ile karatasi ya madeni ilinichukua dakika arobaini, na jina la mwisho kuliandika lilikuwa la mtu niliyekuwa nimesahau kabisa kwamba ananidai.